Tupime Joto la Paa Kabla ya Kutoa Fedha

Katika skimu zetu, mkulima akiisha kuuza mavuno na kulipa karo ya watoto, fedha inayobaki mara nyingi huenda kwenye paa. Nyasi huondolewa, mabati hupandishwa, na majirani huja kutazama. Ni maendeleo mema. Bati likipigwa vizuri halivuji, halishiki moto upesi kama nyasi, na hukinga maji ya mvua ambayo mama angeyafuata mtoni.

Walakini kuna hesabu moja ambayo wengi wetu hatuifanyi, nayo ni hesabu ya joto. Paa likiisha kupigwa, watoto hushindwa kukaa ndani saa nane mchana, kuku huhema midomo wazi, na mbegu iliyowekwa ghalani hupungua nguvu ya kuota. Hapo ndipo mashauri huanza. Mwenye duka husema nunua bati la geji nene zaidi. Mwingine husema nunua rangi. Wa tatu husema weka siling'i. Naye fundi husema hakuna haja ya lolote, upepo utapoza. Kila mmoja ana neno lake, lakini hakuna hata mmoja aliyekuja na kipimo.

Maoni yangu ni haya: fedha ya mkulima, na zaidi fedha ya kamati au ya chama cha ushirika, isitolewe kwa ajili ya kupoza paa mpaka joto la paa lile limepimwa kwa siku tatu na kuandikwa. Nitaeleza kwa nini, na kazi yenyewe hufanywaje.

JUA HULETA, UPEPO HUCHUKUA

Jua la adhuhuri katika nchi yetu, mbingu ikiwa wazi, huleta karibu wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba. Nyumba yenye paa la mita 6 kwa mita 5 ina mita 30 za mraba. Basi jua humwaga juu ya paa hilo wati 30,000, sawa na joto la taa 300 za zamani za wati 100 zikiwashwa pamoja.

Joto hilo lina njia chache tu. Sehemu hurudishwa juu palepale, kama mwanga urudishwavyo na kioo. Sehemu hunywewa na bati, na bati likapata moto. Bati lenye moto nalo hutoa joto lake kwa njia tatu: hulirusha kuelekea mbinguni bila kuhitaji hewa, kama mkono uhisivyo joto la jiko la makaa kwa mbali; hulishusha ndani ya nyumba; na hulikabidhi kwa hewa inayopita juu yake. Hewa iliyogusa bati hupata moto, huondoka, na hewa nyingine isiyo na moto huja mahali pake. Hiyo ndiyo kazi ya upepo.

Hata pasipo upepo, hewa yenye moto hupanda yenyewe kwa kuwa ni nyepesi, na hivyo huchukua joto kidogo. Upepo ukivuma huchukua zaidi. Swali la mkulima ni moja: zaidi kiasi gani? Maana kama upepo unatosha, rangi na siling'i ni fedha iliyopotea. Na kama hautoshi, kumwamini fundi ni kuwaweka watoto ndani ya tanuri.

WATAALAMU WALIPIMAJE?

Mwaka 1701 Mwingereza Isaac Newton alichapisha maandishi yake juu ya jinsi kitu chenye moto kinavyopoa, na tangu wakati ule kanuni iliyotumika ni rahisi: kadiri kitu kinavyozidi hewa kwa moto, ndivyo hewa inavyochukua joto upesi. Kwa hiyo hesabu hufanywa hivi: kwa kila mita ya mraba, na kwa kila digrii moja ambayo bati limeizidi hewa, upepo huchukua wati kadhaa. Hizo "wati kadhaa" ndizo zilizowasumbua wataalamu kwa miaka mingi.

Mwaka 1924 Mjerumani aliyeitwa Jürges alichukua bamba la shaba la nusu mita kwa nusu mita, akalipasha moto, akalipulizia upepo ndani ya chumba cha majaribio. Kutokana na kazi yake ilipatikana kanuni iliyoenea duniani kwa kitabu cha Mmarekani William McAdams: anza na 5.7, kisha ongeza 3.8 kwa kila mita ambayo upepo husafiri kwa sekunde moja. Wajenzi wengi wameitumia kwa mapaa.

Tazama sasa yaliyofuata. Mwaka 1977 wataalamu watatu, Watmuff, Charters na Proctor, waliirudia hesabu ile. Walisema kwamba huenda ndani yake mlichanganywa joto ambalo bamba lilirusha lenyewe, lisilochukuliwa na upepo hata kidogo. Wao wakaandika: anza na 2.8, kisha ongeza 3.0.

Mkulima atauliza, tofauti hiyo yanihusu nini? Tufanye hesabu. Bati liwe na digrii 60 na hewa digrii 30, yaani tofauti ya digrii 30. Upepo uwe mdogo, wa mita 2 kwa sekunde. Kwa kanuni ya kwanza upepo huchukua wati 399 kwa kila mita ya mraba. Kwa kanuni ya pili huchukua wati 264. Kwa paa letu la mita 30, ya kwanza yasema wati 11,970 na ya pili wati 7,920. Tofauti ni wati 4,050, yaani taa 40 za wati 100 ambazo kanuni moja inasema zimezimwa, na nyingine inasema bado zawaka juu ya kichwa chako. Anayekuuzia kitu kwa kutumia kanuni ya kwanza na anayetumia ya pili hawatakupa shauri moja, na wote wawili watakuonyesha kitabu.

DAFTARI LA PAA

Kwa sababu hiyo wataalamu wengine waliacha mabamba ya chumbani wakapanda juu ya mapaa yenyewe. Kazi moja nzuri ilichapishwa mwaka 2003 na Clear, Gartland na Winkelmann, waliopima juu ya mapaa bapa ya majengo mawili ya biashara kaskazini mwa California, Marekani.

Upimaji wa namna hiyo ni kama daftari la ghala. Upepo haupimwi moja kwa moja, maana hakuna debe la kukinga joto linalopeperuka. Hupimwa kwa kutoa. Andika jua lililoingia. Toa lililorudishwa. Toa lililorushwa mbinguni. Toa lililoshuka ndani ya nyumba, ambalo hupimwa kwa kibamba chembamba kilichofichwa katika paa. Toa pia lile ambalo paa limejiwekea lenyewe. Kinachobaki ndicho kilichochukuliwa na upepo.

Kila karani anajua hatari ya hesabu ya kutoa. Ukikosea mzani wa magunia yaliyoingia, au ukisahau magunia mawili yaliyotoka, kosa lote huangukia mstari wa mwisho, na mtu asiye na hatia huitwa mwizi. Ndivyo ilivyo kwa upepo. Kosa la kila mstari humwangukia yeye. Ndiyo maana upimaji huu hutaka uangalifu, na ndiyo maana nasema tusikubali namba tupu pasipo kuuliza ilipimwa wapi, juu ya kitu gani, na kwa upepo gani.

Upimaji wa juu ya mapaa ulileta mafunzo mawili yanayotufaa sana.

La kwanza ni ukubwa wa paa. Hewa inapofika kwenye ukingo wa paa bado haijapata moto, kwa hiyo huchukua joto jingi. Kadiri inavyoendelea kupita juu ya bati hupata moto, na uwezo wake wa kuchukua zaidi hupungua. Bamba la nusu mita lote ni ukingo. Ghala la ushirika lenye urefu wa mita 20 sivyo. Kwa hiyo upepo uleule unaopoza jiko dogo la mama hautapoza katikati ya ghala kubwa kwa kiasi kilekile.

La pili ni uso wa paa na njia ya upepo. Uso wenye kukwaruza huvuruga hewa, na hewa iliyovurugika huchukua joto zaidi kuliko ile inayoteleza juu ya uso laini. Tena upepo wa upande huu na wa upande ule havilingani. Bati letu la migongo halikuwamo katika majaribio ya California wala ya Ujerumani. Namba zao hutupa mwanga, lakini haziwezi kutupimia.

Niongeze jambo la nchi yetu. Hewa ya Kinangop, kule juu milimani, ni nyembamba kuliko hewa ya Mpeketoni karibu na bahari. Hewa nyembamba hubeba joto pungufu kwa upepo wa mwendo uleule. Namba moja haiwezi kutumika kwa skimu zote.

BATI JIPYA, BATI KUUKUU, BATI JEUPE

Wengi huamini kwamba geji nene huleta baridi ndani. Si kweli. Bati la kawaida, hata lile tuliitalo nene, halifiki unene wa milimita moja, na chuma hupitisha joto upesi sana. Ukilipa zaidi kwa geji nene umenunua nguvu na maisha marefu ya paa, na hiyo ni faida, lakini hukununua kivuli.

Wengine huamini kwamba bati jipya linalong'aa hubaki baridi kwa sababu hurudisha mwanga. Hapa kuna ukweli nusu. Bati jipya hunywa jua pungufu kuliko bati lenye kutu. Lakini lina tabia nyingine: halijui kurusha joto lake kuelekea mbinguni. Likiisha kupata moto hulishikilia, na hutegemea upepo karibu peke yake. Saa upepo unapokufa, bati jipya huungua mkono.

Bati kuukuu lenye kutu, au lililopakwa rangi ya giza, linaweza kunywa wati 800 katika zile 1,000. Hurusha joto vizuri, lakini limekunywa jingi mno. Tumeona kwamba upepo mdogo, kwa kanuni ya mwaka 1977, huchukua wati 264 tu bati likiizidi hewa kwa digrii 30. Wati zaidi ya 500 bado zatafuta njia, na njia mojawapo ni chini, kwako.

Bati lililopakwa rangi nyeupe nzuri hunywa kama wati 300 au pungufu likiwa safi, na pia hurusha joto vizuri. Hapo upepo mdogo hupewa mzigo unaolingana na nguvu zake. Hii ndiyo hoja yangu kubwa juu ya upepo: yeye ni kibarua mwema asiyedai mshahara, lakini haji kila siku, na akija hawezi kubeba mzigo wote wa jua. Tumpunguzie mzigo, ndipo kazi yake itaonekana.

Rangi nyeupe nayo isisifiwe bila kupimwa. Vumbi la Marigat au la Bura likiipaka kwa msimu mmoja, weupe hupungua na joto huongezeka. Chokaa ya kawaida huchubuka kwa mvua. Tena, kama unakinga maji ya kunywa kutoka paa hilo, usikubali rangi yenye madini ya risasi. Uliza dukani, na usipopata jibu la wazi, usinunue.

USIKU WA NYANDARUA

Ndugu zetu wa nyanda za juu watasema habari hizi si zao, kwa kuwa wao hulilia joto. Lakini hesabu ni ileile, imegeuzwa tu. Usiku mbingu zikiwa wazi, bati huendelea kurusha joto lake juu, na hakuna jua la kulirudishia. Hupoa hata kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Upepo ukivuma usiku hulipasha bati, kwa maana sasa hewa ndiyo yenye joto. Usiku wa utulivu hakuna msaada huo. Ndipo umande huganda juu ya paa, na chini ya bati mvuke wa ghala hugeuka maji, ukadondoka juu ya magunia.

Hatari yake si ndogo. Mahindi hutakiwa kukaushwa mpaka unyevu usizidi sehemu 13.5 katika 100 kabla ya kuwekwa. Mkulima anaweza kuyakausha vyema, kisha paa likayalowesha usiku baada ya usiku. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine hutoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwashika watu 317 katika sehemu za mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na watu 125 walikufa. Sisemi kwamba mapaa ndiyo yaliyoleta msiba ule. Nasema kwamba tone la maji juu ya gunia si jambo la kupuuzwa, na anayepima paa lake alfajiri ataliona kabla halijaharibu chakula.

Mkulima wa Kinangop, basi, hana haja ya rangi nyeupe kwa ajili ya mchana. Haja yake ni nafasi kati ya magunia na bati, matundu yenye wavu wa kuzuia panya ili mvuke utoke, na pengine siling'i. Shauri la Bura likipelekwa Ol Kalou ni hasara. Kipimo ndicho kitakachowatenganisha.

JINSI YA KUPIMA

Kazi hii yahitaji vipimajoto viwili, daftari, kalamu, na mtoto wa shule mwenye mwandiko mzuri.

1. Kipimajoto cha kwanza kitundike nje kivulini, mahali hewa inapopita, kimo cha mita moja na nusu kutoka ardhini. Kisiguse ukuta wala kisipigwe na jua. Hicho ni cha joto la hewa.

2. Kipimajoto cha pili kifungwe kwa gundi ya karatasi chini ya bati, kiguse chuma, na kifunikwe kwa kipande cha godoro au kitambaa kizito. Bila kufunikwa kitasoma hewa ya ndani, si bati. Usitumie kipimajoto cha mgonjwa. Mwisho wake ni karibu digrii 42, na bati hupita hapo kabla ya saa sita.

3. Wenye kipimajoto cha kuelekeza kama bastola waangalie mambo mawili. Vingi vilivyoenea wakati wa korona mwaka 2020 vimetengenezwa kwa joto la mwili tu. Na hata kile cha mafundi hudanganya juu ya bati jipya linalong'aa, kwa kuwa husoma joto la vitu vingine lililorudishwa na bati. Bandika kipande cha gundi nyeusi juu ya bati, kiache kidogo, kisha elekeza hapo.

4. Andika mara tano kwa siku: alfajiri saa kumi na mbili, asubuhi saa tatu, saa sita, saa nane, na saa kumi. Kila mara andika joto la hewa, joto la bati, hali ya mawingu, na upepo.

5. Upepo usomwe kwa macho. Moshi ukipinda lakini majani hayatikisiki, upepo uko chini ya mita 1.5 kwa sekunde. Ukiusikia usoni na majani yakachakacha, ni kama mita 2 au 3. Majani na vijiti vikicheza bila kupumzika, ni kama mita 4 au 5. Vumbi na makaratasi vikiinuka, umepita mita 5 na nusu.

6. Toa joto la hewa katika joto la bati. Tofauti hiyo ndiyo habari unayoitafuta.

Kwa vipimajoto peke yake hatutapata wati za upepo kama wale wataalamu, maana wao walipima na jua pia. Lakini tutapata tofauti, na tofauti yatosha kuamua fedha iende wapi. Linganisha saa nane ya siku ya utulivu na saa nane ya siku ya upepo, jua likiwa sawa. Kama tofauti imeshuka sana upepo ulipovuma, upepo wafanya kazi yake. Kama haikushuka hata kidogo, na majani shambani yalikuwa yakicheza, basi upepo haufiki paa lako. Tazama ua, miti na majengo ya jirani kabla hujatazama duka la rangi.

Kama imeshuka lakini bati bado laizidi hewa kwa digrii nyingi, upepo umefika mwisho wa uwezo wake. Hapo ndipo dawa ya kununua ina maana. Paka nyeupe mabati mawili au matatu tu, pima tena kwa siku tatu, mabati meupe na yasiyopakwa kwa saa ileile. Kama tofauti inaonekana, endelea na paa zima. Au weka siling'i, hata ya mikeka au magunia safi, ukiacha nafasi kati yake na bati, na matundu kwenye kingo na kileleni ili hewa yenye moto itoke.

Jambo moja tusilisahau: msipime hewa ya ndani peke yake. Bati lenye moto hurusha joto juu ya vichwa vya watu hata kama hewa ya chumbani haijabadilika sana. Ndiyo sababu mtoto hulia kwa joto na kipimajoto cha ukutani chasema hakuna neno.

JIBU KWA WANAOPINGA

Najua wako watakaosema kwamba kazi hii ni ya maprofesa, na kwamba mkulima hana nafasi ya kusoma paa mara tano kwa siku. Nawajibu kwamba mkulima yuleyule hupima maziwa kila asubuhi, hupima mbolea kwa kifuniko cha chupa, na hugombana na karani kwa nusu kilo ya kahawa. Hakuna anayemwambia kwamba mzani ni wa maprofesa. Tena kusoma vipimajoto viwili hakuzidi dakika mbili. Kwa siku tatu ni nusu saa.

Wako pia watakaosema kwamba kipimajoto ni gharama. Ni kweli, lakini kimoja chaweza kuzunguka skimu nzima. Chama cha ushirika kinunue viwili, vitunzwe pamoja na mizani, na kila mwenye kujenga aazime kwa kutia sahihi. Shule nayo yaweza kuifanya kazi hii kuwa somo, na watoto watajifunza hesabu ya kutoa kwa kitu kinachowahusu.

Lililo kubwa ni fedha ya watu wengi. Mkulima mmoja akikosea paa lake, hasara ni yake na ya watoto wake. Kamati ikikosea paa la ghala, la zahanati au la darasa la chekechea, hasara ni ya kila mwanachama, na wanaoumia zaidi ni wale wasioketi katika kamati. Kwa hiyo naomba kamati za skimu zikubali desturi moja: ombi lolote la fedha ya kupoza paa liambatane na ukurasa wa vipimo vya siku tatu. Mwenye kuuza rangi, bati au siling'i aulizwe mbele ya mkutano, "Tofauti yetu saa nane ni digrii hizi. Dawa yako itaishusha mpaka ngapi?" Akiisha kuuza, tupime tena, na tupime tena mwaka ujao vumbi likiisha kukaa. Muuzaji mwaminifu hataogopa swali hilo.

Na maofisa wa kilimo, pamoja na sisi makarani, tuna wajibu wa kuzipokea kurasa hizo na kuzitunza pamoja, ili mwenye kujenga kesho Perkerra asianze upya kama kwamba hakuna aliyewahi kujenga huko. Namba za Ujerumani na California zimetufundisha jinsi ya kuuliza. Majibu ya mapaa yetu yamo juu ya mapaa yetu.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Joto nalo huingia nyumbani bila habari, na fedha hutoka kulifuata. Mabati mengi yatapandishwa baada ya mavuno haya. Kamati ambayo bado haina kipimajoto ikinunue kabla ya mkutano ujao, na mwenye paa jipya aanze kuandika kesho alfajiri, saa kumi na mbili.